Udongo haukuwa umelala

Kwa miaka miwili nilipanda mlimani mara moja kila mwezi kupima pumzi ya udongo wa msitu, yaani kaboni dioksaidi inayotolewa na mizizi na viumbe vidogo vya udongoni. Unafunika ardhi kwa chombo mfano wa sufuria iliyopinduliwa, unangoja dakika chache, na mashine inakuonyesha kaboni dioksaidi inavyoongezeka humo ndani. Unachomeka kipimajoto sentimita 10 chini, unaandika, unasogea kituo kinachofuata.

Kiangazi namba zilikuwa ndogo mno. Mboji ilikauka ikawa kama unga, nami nikaandika daftarini: udongo umelala. Neno hilo linanisumbua hadi leo.

Mwaka wa tatu mvua ya kwanza ilinikuta huko huko juu. Ilinyesha nusu saa tu. Nilipofunika chombo, namba zilipaa hata nikadhani mashine imeharibika. Kituo cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile.

Mtafiti wa udongo H. F. Birch alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1958, akifanya kazi Muguga, Kenya: udongo uliokauka ukilowa, mboji huoza kwa kasi na kuachia naitrojeni, kisha kasi hiyo hupoa ndani ya siku chache. Ukame ukiwa mrefu zaidi, mfumuko nao huwa mkubwa zaidi. Sehemu ya sababu ni bakteria na kuvu wenyewe. Wakati wa ukavu, baadhi yao hujilimbikizia sukari na vitu vingine vinavyoyeyuka ndani ya seli ili maji yasiwatoke. Mvua ikija ghafla, lazima wavitoe upesi, la sivyo watapasuka. Wanaosalimika hula vilivyotolewa, na hula waliokufa. Sasa huko ni kulala? Huko ni kujibana na kuvumilia.

Hata kwenye misitu ya milima yenye theluji, hali hailingani na macho yanavyoona. Theluji nene ni blanketi: hewa juu inaweza kushuka chini kabisa ya nyuzi 0, udongo ukabaki karibu na 0 na kuendelea kupumua. Theluji ikiwa haba ndipo udongo huganda hasa, mizizi midogo ikafa, na wakati wa kuyeyuka naitreti nyingi, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, ikasombwa hadi vijitoni.

Jumla zangu za miaka ile miwili zilikosa zile siku chache za kila mwaka zilizobeba mengi. Siku hizi kiangazi kikielekea ukingoni, mawingu yakianza kujikusanya, nabeba hema na betri za akiba. Nalala kando ya kituo cha kwanza na kupima kila saa, usiku kucha.