Kabla ya kumwita mkaidi: ninavyomsimamia mtoto mwenye sindromu ya Down

Mtoto mwenye sindromu ya Down akianza kuwapiga wenzake, kutupa kikombe, au kukaa chini katikati ya njia na kugoma, nyumbani kwetu Mbeya swali la kwanza ni moja: wapi panamuuma? Kromosomu ya 21 iliyozidi (kifurushi cha vinasaba), ambayo ndiyo chanzo cha hali hii, haigusi akili peke yake. Inagusa masikio, koo, tezi ya shingo, utumbo na moyo, na mtoto asiye na maneno ya kutosha hujieleza kwa mikono na meno.

Naanza na masikio. Njia zake ni nyembamba, nta huziba upesi, na kwenye baridi ya Juni na Julai mafua huacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Leo anasikia, kesho hasikii, watu wanadhani ni jeuri. Nasimama nyuma yake asinione, naita jina lake kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, tunakwenda kwa daktari wa masikio. Vijiti vya pamba siingizi, vinasukuma nta ndani. Kipimo cha kusikia hufanywa kila miezi 6 hadi ijulikane kila sikio linasikia vizuri, kisha kila mwaka.

Usiku nautazama usingizi. Akikoroma, pumzi ikikatika halafu ikarudi kwa kishindo, au akilala ameketi kichwa kikiwa nyuma, koo linaziba. Nashusha blanketi kifua kionekane, narekodi video ya dakika mbili kwa simu, namwonyesha daktari. Video hiyo inaeleza kuliko maneno yangu yote. Mtoto wa hivi mchana huenda asisinzie, bali akahangaika na kukasirika. Mwenye tundu la moyo hapaswi kungoja, kwani oksijeni ikishuka usiku presha ya mishipa ya mapafu hupanda, na huku kwetu juu hewa ni nyepesi tayari. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, kwa hiyo wote wapimwe moyo kwa ultrasaundi hata kama daktari hasikii mlio wowote usio wa kawaida.

Tezi ndiyo inayojificha zaidi. Kuongezeka uzito, ngozi kavu, kuhisi baridi, uvivu: wengi husema "ndivyo walivyo". Damu ipimwe TSH, homoni inayoonyesha kama tezi inafanya kazi vizuri, kila mwaka. Akiandikiwa levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi, nampa alfajiri kwa maji matupu, nasubiri dakika 30 hadi 60 ndipo ale. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: uji wa lishe wenye soya, au maziwa, huizuia dawa kuingia mwilini. Vidonge vya madini ya chuma navitenga nayo kwa saa 4.

Choo kigumu nacho huleta hasira. Maharage, parachichi, maji ya kutosha, na baada ya kula akae chooni dakika 5 hadi 10, miguu ikikanyaga kigoda. Akichafua nguo kwa majimaji kidogo kidogo, mara nyingi ni choo kigumu kilichoziba, si kuharisha wala utundu.

Haya yakishakaa sawa ndipo nageukia tabia, kwa daftari: saa, kilichotangulia, alichofanya, tulichofanya sisi. Maagizo natoa moja moja, kwa picha, nikimpa sekunde 10 za kuelewa. Mwalimu naye naomba amkalishe mbele, na akimwona anaanza kuchechemea au kupindisha shingo, anipigie simu siku hiyohiyo, maana pingili za juu za shingo zao huweza kulegea na uti wa mgongo unaweza kubanwa.