Testitubu Iliyopotea Ndani ya Mafuta ya Alizeti

Mwaka 1997, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari mkoani Singida, mwalimu wetu wa fizikia aliingia maabara akiwa na chupa ya mafuta ya alizeti, tukadhani amepitia sokoni kabla ya kipindi. Aliyamimina kwenye bika kubwa, akaniita mbele kwa kuwa nilikuwa kiranja wa maabara, akanipa testitubu ya kioo kile kinachostahimili moto, akaniambia niizamishe taratibu, mdomo wake ubaki juu ya mafuta.

Ilipozama ikiwa tupu, ubavu wake uling'aa kama fedha. Kisha Mwalimu akaanza kumimina mafuta ndani yake, na kila yalipopanda, sehemu ile ya kioo ilifutika, mpaka nikabaki nimeshika mdomo wa testitubu ambao chini yake hapakuonekana kitu. Wenzangu walisimama juu ya viti. Mimi niliutikisa mkono kidogo, nikasikia kioo kikigonga kitako cha bika, nikajua bado kipo.

Fizikia tulifundishwa kwa Kiingereza, lakini saa hiyo Mwalimu aliweka chaki chini akatueleza kwa Kiswahili, na naamini ndiyo sababu maelezo yale hayajanitoka hadi leo. Mwanga, alisema, husafiri kilomita 299,792 kwa sekunde mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa. Hewani kasi hiyo hupungua kidogo mno, majini hushuka hadi takriban kilomita 225,000, na ndani ya almasi, kama zile zinazochimbwa Mwadui, hubaki takriban 124,000 tu. Mwanga unapovuka kutoka kitu kimoja kuingia kingine na kasi yake ikabadilika, sehemu yake huakisiwa, na ile inayopita, kama imeingia kwa mshazari, hupinda. Huko kuakisiwa na kupinda ndiko kunakotuonyesha ukingo wa kioo. Katika mafuta yale na katika kioo kile kasi yake ilikuwa karibu sawa, takriban kilomita 204,000, kwa hiyo mwanga ulipita moja kwa moja, na macho yetu hayakupata alama yoyote ya kushika.

Aligusia pia kwamba nadharia ya Newton ilidai mwanga huenda kasi zaidi majini kuliko hewani, hadi mwaka 1850 mwanafizikia Mfaransa Foucault alipotumia kioo cha kujitazamia kinachozunguka, huko Paris, akaonyesha kwamba majini huenda polepole zaidi.

Jioni ile sikutulia. Nilimwomba mama mafuta kidogo, nikamwahidi kuyarudisha.

"Utayarudishaje mafuta yaliyolowekewa vioo, mwanangu?" aliuliza, lakini alinimiminia kwenye bakuli jeupe.

Nilitumbukiza kipande cha bilauri iliyovunjika, nikasogeza taa ya chemli. Kipande hakikupotea. Kilififia sana, lakini ukingo wake ulibaki kama uzi mwembamba, nikaugeuza huku na huku nikitumaini utatoweka, usitoweke. Nililala nikiwa na hakika kwamba nimekosea mahali.

Asubuhi nilimweleza Mwalimu kwa aibu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua karatasi akanipigia hesabu: kioo cha bilauri za kawaida si sawa na kile cha maabara, na ndani yake mwanga huenda takriban kilomita 197,000 kwa sekunde. Pengo la kilomita 7,000 hivi kati yake na mafuta lilitosha kuacha ule uzi. Jambo nililolihesabu kuwa kosa langu lilikuwa kipimo, na nilikuwa nimekisoma kwa macho yangu, kwa taa ya chemli.

Mama hakuwa amemwaga yale mafuta. Niliporudi nilimwonyesha ukingo, naye akainama juu ya bakuli akiwa ameshika taa, akakitafuta kipande kwa muda mrefu kabla ya kuweka kidole pembeni.

"Kinaanzia hapa," alisema, na kweli kilianzia pale.