Itetemia, ikulu ya Unyanyembe tunayoipita tu

Mgeni akija Tabora cha kwanza anaambiwa twende Kwihara ukaone tembe la Livingstone, na kiukweli ni pazuri, ule mlango wa nakshi peke yake unatosha kukufanya usimame. Sina ugomvi napo. Ila Livingstone alikaa pale miezi tu mwaka 1872, tena kwenye nchi iliyokuwa na mwenyewe, Mtemi Mkasiwa, chifu wa Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi wa hapa Tabora, sasa mbona kwa watemi wenyewe hatumpeleki mtu?

Basi Jumamosi tukachukua boda na mjomba mpaka Itetemia. Ikulu ya mtemi huingii hivi hivi, uwe na mtu wa kukutambulisha. Mzee aliyetupokea tulimpa shikamoo, akaitika marahaba halafu swali la pili, nyie wa ukoo gani? Mjomba akataja kwao bibi, wakaanza kuhesabiana ndugu hapo mpaka mi nikachoka kusimama, lakini baada ya hapo tukawa watu wa nyumbani kabisa.

Usitegemee majumba ya ghorofa na mabwawa ya maji. Bustani ya kwetu ni miembe, miembe ya zamani yenye kivuli ambacho ukikaa saa saba mchana unasahau kama kuna jua, uwanja umefagiwa, na pembeni minyaa. Kwenye minyaa ndo nilipata somo. Babu, yule mzee aliyetupokea, alivunja kijiti kidogo, maziwa meupe yakatoka palepale yakaanza kudondoka, akanivuta mkono nyuma, usije ukajipaka machoni! Wazee walizungushia ngome zao minyaa hii, yaani adui akija na panga kukata njia, utomvu unamrukia usoni. Mi miaka yote nilijua minyaa ni uzio wa mbuzi.

Halafu ikaja habari ya Isike, na hapa babu sauti ilibadilika. Isike alitawala Unyanyembe kuanzia 1876, misafara mingi ya pembe za ndovu kati ya Pwani na Ujiji inapita kwake na ushuru inalipa. Wajerumani hawakuutaka utawala wa namna hiyo. Mwaka 1892 wakaishambulia ngome yake ya Isiunula wakashindwa, wakarudi tena wakashindwa, mpaka Januari 1893 akaja Tom von Prince na askari wake ndo wakaingia ndani. Isike hakusubiri wamshike, aliingia kwenye ghala la baruti akalilipua na yeye yumo humo humo. Walimkuta bado anapumua, na bado wakamnyonga. Mtu anayekata roho! Mjomba aliinuka akaenda kusimama kwenye miembe, hakusema kitu muda mrefu. Mi naona ule ni ujasiri ambao kila mtoto wa Tabora alitakiwa aujue kabla hajamaliza darasa la nne, sio kuishia kuona jina Isike kwenye kibao cha mtaa.

Ukoo haukuishia hapo lakini. Chifu Abdallah Fundikira alikalia kiti 1957, na nchi ilipopata uhuru 1961 ndo alikuwa Waziri wa Sheria, utemi wenyewe ukaja kufutwa na serikali muda mfupi baadae. Alifariki 2007, wazee wengi hapa mjini wanamkumbuka kwa sura.

Mkitaka kwenda tafuteni kwanza mwenyeji, mpige hodi, msianze kupiga picha kabla ya kuomba ruhusa hasa upande wa makaburi. Bebeni chochote cha wazee, sisi tulibeba sukari na majani ya chai. Walimu wa historia mnaosoma hapa, Kwihara na Itetemia zinaingia kwenye siku moja bila shida, anzeni Itetemia asubuhi wakati babu hajachoka, maana akishaanza kusimulia hamtataka kumkatiza.