Nondo 110 kwenye mizani ya mahindi

Tarehe 10 Oktoba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa dola milioni 567.25 wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Mitaani zikaitwa fedha za UVIKO. Kwa upande wa shule, mpango ulikuwa na vyumba vya madarasa 15,000: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani matawi ya shule za msingi, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Ukizidisha unapata bilioni 300. Shule yetu, sekondari ya kata mkoani Katavi, ilipangiwa vyumba vinne, na haikupita muda milioni 80 zikasoma kwenye akaunti ya shule. Agizo lilikuwa moja: vikamilike Desemba, kidato cha kwanza waingie Januari 2022.

Milioni 20 ya Dar es Salaam na milioni 20 ya Katavi huandikwa kwa tarakimu zilezile, ila hazinunui vitu sawa. Saruji yetu ilitoka Mbeya, ikapita Tunduma na Sumbawanga ndipo ifike Mpanda, na kutoka hapo ilibaki barabara ya vumbi inayogeuka tope mvua za Novemba zikianza. BOQ, yaani orodha ya vifaa na gharama za ujenzi, ilikadiria kama mifuko 150 kwa chumba, kuanzia tofali hadi sakafu. Mfuko ukipanda shilingi 2,000 tu, vyumba vinne vimeshakula milioni 1.2 za ziada. Na ulipanda, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa inanunua saruji, nondo na bati katika miezi ileile. Wenye maduka nao walikuwa na redio. Hotuba ya uzinduzi waliisikia kama sisi.

Ujenzi ulikuwa wa fosi akaunti. Hakuna mkandarasi: shule inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi ufundi tu. Kazi inagawanywa kwa kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na watu hawachanganywi. Aliyenunua hapokei, aliyepokea hatunzi stoo. Kwenye shule yenye walimu wachache kanuni hii ni mateso, maana ukishawatoa mkuu wa shule, mtunza stoo na wajumbe wa manunuzi, unabaki na wa kuokoteza. Mimi niliangukia mapokezi kama katibu. Wenzangu walikuwa mama mmoja mwenye duka la rejareja na mzee mmoja aliyewahi kusimamia ghala la chama cha msingi cha mazao. Fundi sanifu wa halmashauri naye alitakiwa awepo, lakini alikuwa na shule nyingi na pikipiki moja.

Watu wengi hudhani fedha ikifika benki kazi imeanza. Zetu zilikaa. Malipo ya shule yalipitia FFARS, mfumo wa kielektroniki wa uhasibu wa vituo kama shule na zahanati, na FFARS haikuruhusu kulipa shughuli ambayo haikuwemo kwenye bajeti iliyoingizwa PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri. Fedha hizi hazikuwemo kwenye bajeti ya 2021/22 iliyopitishwa Juni, kwa hiyo ilibidi halmashauri iingize shughuli na kifungu kwanza. Huku ukisubiri, hukai bure. Wananchi walichimba msingi na kusomba mawe, nasi tukaandika kila tripu na thamani yake kwa bei ya soko. Nguvu za wananchi zisipoandikwa huja kuleta kesi: BOQ inasema mawe yamegharimu kiasi fulani, faili halina risiti, na mkaguzi hawezi kujua kama mawe yalitolewa bure au fedha ililiwa.

Kamati ya manunuzi ilikusanya nukuu za bei kutoka maduka matatu. Hapa kuna mchezo wa zamani: nukuu tatu kutoka mfuko mmoja. Utaujua kwa makosa ya tahajia yanayofanana, au namba ya simu iliyojirudia kwenye mihuri miwili. Za kwetu zilikuwa za watu tofauti kweli. Tatizo lilikuwa jingine. Zote tatu ziliandika "Nondo mm 12, pcs 110" na kuishia hapo. Hakuna urefu wala uzito. Oda ikanakili maneno yaleyale, kama oda zote za wilaya ile zilivyoandikwa, na kwa maneno hayo muuzaji anaweza kukuletea chuma chochote chenye sura ya nondo.

Palikuwa na ubishi pia wa nini kitangulie kununuliwa. Fundi alitaka vifaa vya kujengea msingi tu. Kamati ya ujenzi ikaona bati za geji 28 zifungwe bei siku ileile, hata kama zitalala stoo wiki kadhaa, kwa kuwa bei ilikuwa inapanda kila wiki. Waliona sawa. Bati haliozi. Saruji ndiyo isiyotaka kurundikwa mapema: hupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na katika msimu wa mvua mfuko uliokaa muda mrefu huanza kuganda pembeni, fundi akauponda na kuutumia hivyohivyo usipomwangalia. Mbao zilileta majaribu yake. Mkoa una mininga, na walijitokeza watu wa kuuza kwa bei ya kutupa, lakini mbao isiyo na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na alama ya nyundo haiwezi kuingia kwenye faili la serikali. Tukanunua za msonobari zilizotiwa dawa.

Lori la nondo lilifika jioni moja katikati ya Novemba, wingu limetanda na dereva ana haraka. Nondo zilikuwa zimekunjwa katikati kama kawaida ya safari. Fundi alichukua moja, akainyanyua kidogo, akairudisha.

"Mwalimu, hii si ya kumi na mbili."

Mkono wa fundi hauingii kwenye muhtasari, kwa hiyo ilibidi ipatikane namba. Kipimo cha kubana hakisaidii kwenye nondo za mistari: ukibana juu ya mistari unasoma milimita 12 safi, ukibana katikati yake unasoma pungufu, na muuzaji atachagua mahali pake. Kinachoamua ni uzito. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawa kwa 162. Unapata kilo kwa mita moja. Kwa mm 12 ni 144 kugawa kwa 162, yaani kilo 0.889, na nondo ya mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.67. Pungufu ya asilimia chache huvumilika, kwa kuwa viwanda havitoi chuma cha uzito mmoja kamili.

Shule haikuwa na mizani. Ghala la chama lilikuwa nayo, ile ya jukwaa ya kupimia mahindi, na mzee wetu alijua nani ana ufunguo. Kwanza tulinyoosha chache na kuzipima urefu kwa futi ya fundi: mita 12, hapo hapakuwa na wizi. Kisha tukazipandisha kumikumi. Kumi zilitakiwa kufika kilo 106. Fungu la kwanza lilisoma 90, la pili 91, la tatu 90 tena. Wastani wa kilo 9 kwa nondo ukiurudisha kwenye hesabu unakupa milimita 11. Milimita moja inasikika kama si kitu, lakini chuma kimepungua kwa zaidi ya asilimia 15, na kwa nondo 110 hizo ni zaidi ya kilo 180 ambazo shule ingezilipia bila kuzipata. Na hizi ndizo nondo za mkanda wa linta, unaofunga kuta na kubeba uzito wa paa juu ya madirisha.

Muuzaji alipopigiwa simu hakukataa uzito. "Mwalimu, hizo ndizo zinazotumika wilaya nzima. Wenzenu wote wamepokea." Nadhani alisema kweli, na ndilo lililotisha. Msimu ule maduka yalikuwa yanadai fedha kwanza, na kwa presha ya muda shule kadhaa zilikuwa zimelipa kabla ya mzigo. Ukishalipa, mizani haina kazi tena. Unabaki kumwomba mtu aliyekwisha kula. Sisi hatukuwa tumelipa, si kwa ujasiri wowote bali kwa kuwa kifungu kwenye FFARS kilichelewa. Ucheleweshaji tulioulalamikia mwezi mzima ndio uliotupa nguvu ya kusema hapana.

Mtendaji wa kata alikuwa na wasiwasi wake, na ulikuwa wa haki: mkuu wa wilaya alitarajiwa wiki ileile. Akapendekeza tupokee nusu ili linta isisimame. Kupokea nusu kunaruhusiwa idadi inapopungua, nyingine zitakuja. Ubora ukiwa pungufu, nusu haina maana, kwa sababu ukishaandika kwenye leja "nondo mm 12, 55", huyo muuzaji keshatimiza nusu ya oda kwa sahihi yako. Mzee wa ghala aliisema kwa lugha ya kazi yake: "Gunia likija na kilo tisini, mimi siandiki mia."

Kukataa mzigo kuna utaratibu, na ni rahisi kuuharibu. Mzigo hauingii stoo hata kwa usiku mmoja. Zile zilizoshushwa kupimwa zinarudi kwenye lori. Hati ya mzigo ya muuzaji haisainiwi kama imepokelewa. Unaandika juu yake "haujapokelewa" na sababu. Muhtasari unataja fungu kwa fungu, uzito uliosomwa na uzito uliotakiwa, wajumbe wote wanasaini, na dereva naye akikubali. Wetu alisaini, akaomba tumpe nakala ili bosi wake asimkate mshahara. Picha zinapigwa zikionyesha namba ya mizani. Nakala inakwenda kwa mkuu wa shule na kwa mhandisi wa halmashauri.

Mkuu wa wilaya alipokuja alikuta kuta zetu ziko chini kuliko za shule jirani na hakufurahi. Fomu ya taarifa ya kila siku, ile iliyokuwa ikitumwa WhatsApp pamoja na picha, ilikuwa na safu za msingi, boma, linta, paa, umaliziaji na asilimia. Haikuwa na safu ya vifaa vilivyokataliwa. Kwa fomu ile, shule iliyokataa nondo mbovu na shule iliyolala zinafanana.

Siku za kusubiri hazikupotea zote. Mafundi walirudi kwenye tofali za inchi sita. Mfuko mmoja wa saruji hutoa kama 30 hadi 35 zinazostahili kuitwa tofali. Fundi anayekuletea 45 ameongeza mchanga, na utamjua ukiliangusha moja kutoka kiunoni. Tofali hunyweshwa maji angalau siku saba, kazi ambayo haraka ya Desemba ilikuwa inairuka kila mahali.

Kamati ya manunuzi ilikaa upya na kumchukua aliyekuwa wa pili kwa bei. Muhtasari ulieleza kwa nini wa kwanza ameachwa, vinginevyo mkaguzi angeona tu kwamba bei ya juu imechaguliwa. Wa kwanza aliuza shilingi 23,000 kwa nondo, wa pili 25,000. Kwa 110, tofauti ni 220,000. Nondo mpya zilipima wastani wa kilo 10.4. Sasa gawa bei kwa kilo: ile ya 23,000 yenye kilo 9 ni zaidi ya shilingi 2,550 kwa kilo, na ile ya 25,000 ni kama 2,400. Ya bei ndogo ndiyo iliyokuwa ghali. Hesabu hiyo tuliiambatisha kwenye faili, na wakaguzi walipopita mwaka uliofuata walisimama kwenye ukurasa huo kuliko mwingine wowote.

Malipo yenyewe yalikwenda kwa mpangilio: muhtasari wa mahitaji, nukuu tatu, muhtasari wa uteuzi, oda, hati ya mzigo, hati ya mapokezi, ankara, vocha, kisha risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kwa muuzaji wa bidhaa tulikata kodi ya zuio asilimia 2, kwa fundi asilimia 5. Hiyo ya fundi iandikwe ndani ya mkataba tangu mwanzo na isomwe kwa sauti, la sivyo malipo ya kwanza yataisha kwa ugomvi. Fundi naye hulipwa kwa hatua, boma likifika linta, paa likikamilika, na kitu kinabaki mkononi mwa shule hadi umaliziaji ukubaliwe.

Paa lilipanda kabla ya Krismasi. Sakafu na rangi viliingia Januari, tulichelewa kidogo, wanafunzi wakaingia. Zile 220,000 zilifidiwa na mawe ya wananchi ambayo BOQ ilikuwa imeyatengea fedha.

Mwishoni mwa 2022 Serikali ilitoa tena bilioni 160 kwa vyumba 8,000, yaani milioni 20 kwa chumba, kiasi kilekile, ingawa hakuna kifaa kilichobaki kwenye bei ya 2021. Shule ilipata viwili. Safari hiyo barua ya kuomba nukuu iliandikwa hivi: "Nondo za mm 12, urefu mita 12, uzito usiopungua kilo 10.2 kwa kipande. Zitapimwa kwa mizani wakati wa mapokezi. Zisizofikia zitarudishwa kwa gharama ya muuzaji." Tuliipeleka kwenye maduka matano. Mawili hayakujibu.