Mwili haujakataa chuma, ni vumbi la plastiki

Huku Newala mtu akiwekewa nyonga bandia, akatembea vizuri miaka kumi na kitu halafu akaanza kuchechemea tena, utasikia tu "mwili umekataa chuma". Mjomba wangu anaambiwa hivyo na karibu kila anayekuja kumjulia hali, wengine wanakuja na dawa ya kuchua kabisa, na sisi wapwa zake ndo tunaohangaika nae (watu wa kusini mnajua mjomba ni nani kwenye ukoo) nikaona niandike, maana kinachomsumbua kina maelezo yake na sio hayo.

Iko hivi. Nyonga bandia nyingi zina kichwa cha chuma au seramiki kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki, polithilini. Kila hatua inasugua. Plastiki za zamani zilikuwa zinalika kama milimita 0.1 kwa mwaka, unaona kidogo eeh, ila mtu anayetembea kawaida anapiga hatua kama milioni moja kwa mwaka na kila hatua inaweza kuacha chembe laki kadhaa, na mjomba ni mtu wa mikorosho, msimu ukifika hakai nyumbani, sa piga hesabu mwenyewe.

Hizo chembe zinaenda wapi? Hapo ndo penyewe. Nyingi hazifiki hata maikroni moja, ukubwa wa bakteria tu, kwahiyo seli za ulinzi zinazoitwa makrofaji zinazimeza kama zinavyomeza vijidudu. Ila polithilini haimeng'enyeki. Seli imemeza kitu haiwezi kukimaliza, inabaki inamwaga kemikali za kuita msaada, TNF, interlukini 1, interlukini 6, na kemikali hizo zinaamsha osteoklasti, yaani zile seli ambazo kazi yake kila siku ni kula mfupa wa zamani ili mpya ujengwe. Zikiamshwa kupita kiasi zinakula mfupa uleule ulioishika nyonga, panabaki matundu, nyonga inalegea. Hakuna kijidudu hapo, hakuna usaha. Mfupa wake umeliwa na seli zake mwenyewe, na kwakweli siku nimeelewa hili nilimwonea huruma sana mzee wa watu.

Na sio jambo jipya. John Charnley, yule daktari wa Uingereza aliyeanzisha nyonga hizi za kisasa, alianza na vikombe vya Tefloni, plastiki ya aina nyingine, mwaka 1958, vikasagika haraka mno na wagonjwa wakavimba tishu kuzunguka nyonga. Alijiwekea chembe za Tefloni na za polithilini kwenye paja lake mwenyewe aone mwili utafanyaje! Tefloni ikaleta shida, Novemba 1962 akahamia polithilini. Baadae mfupa ukionekana umelika lawama zikaenda kwenye saruji ya kugandishia nyonga kwenye mfupa, mpaka pakaitwa ugonjwa wa saruji, kumbe hata nyonga zisizo na saruji zilikuwa zinalika hivyohivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja polithilini iliyoimarishwa kwa mionzi, hiyo inasagika kidogo sana. Chuma kwa chuma nako walijaribu, yaani kichwa na kikombe vyote vya chuma, ikatoa madini ya kobalti na kromiamu mpaka kwenye damu, nyingine zikaondolewa sokoni 2010.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mfupa unalika kimya kimya. Miaka inapita bila maumivu yoyote, mtu anaona safari ya Dar kwenda kliniki ya nini wakati natembea vizuri, na likianza kuuma ujue mara nyingi nyonga imeshalegea, na oparesheni ya marudio ni ngumu kuliko ya kwanza kwasababu mfupa wa kushikilia umepungua, wakati mwingine mpaka wapandikize mwingine. Eksirei inaona matundu mapema, na eksirei huku Mtwara zipo jamani.

Ila msikimbilie kusema ni vumbi la plastiki, maambukizi nayo yanalegeza nyonga na tiba yake ni tofauti kabisa, kwahiyo daktari lazima apime damu na ikibidi avute maji ya kwenye nyonga. Kuchua hakurudishi mfupa, hilo nimemwambia mjomba waziwazi.

Mkienda bebeni picha zote za zamani hata zilizokunjamana, daktari anazilinganisha na mpya anaona kikombe kimelika kiasi gani, na kama karatasi ya oparesheni ipo bebeni pia, inaandikwa ni plastiki ya aina gani. Ya mjomba tumeikuta kwenye sanduku la shangazi, picha tatu hazionekani bado.