Tamasha la fidla na okestra tulilolitazama Tabora

Jumapili jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, tulibaki ukumbini hapa Tabora kutazama kwenye skrini tamasha la okestra lililorekodiwa Ulaya, likiwa na mwongozaji mgeni na mpiga fidla aliyesimama peke yake mbele ya wenzake. Kazi iliyopigwa ni ile ya mtunzi Mjerumani Beethoven ya fidla na okestra, ambayo ilisikika hadharani kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 23 Desemba 1806.

Inaanza kwa ngoma tupu, mapigo machache ya taratibu, na hapo hapo wazee wetu wa sauti ya besi walisogeza viti mbele. Okestra huendelea kwa zaidi ya dakika tatu huku mpiga fidla akisubiri kimya, na nilivutiwa mno na mwongozaji, ambaye ingawa alikuwa mgeni kwa wanamuziki wale, hakuharakisha chochote, na aliposhusha mikono ili fidla ibaki peke yake, wote walisikiliza kama sisi tulivyokuwa tukisikiliza.

Inasikitisha kwamba kazi nzuri kiasi hiki ilipuuzwa kwa miaka mingi, hadi Joseph Joachim, mvulana wa miaka 12, alipoipiga London mwaka 1844 akiongozwa na mtunzi mwingine Mjerumani, Mendelssohn. Nilipowasimulia vijana wetu wanaojifunza kinanda habari za mtoto huyo, waliomba sehemu ya mwisho, yenye mwendo wa kuchezeka, irudiwe, nasi tukairudia yote.