Saa nane usiku, sikio kwenye vali

Saa nane usiku watu hawaogi, hawafui, hawapiki. Mita kubwa inayopima maji ya eneo zima hupaswa kukaribia kusimama. Ikiendelea kukimbia, kuna maji yanayopotea ardhini. Tena usiku presha hupanda, kwa hiyo tundu la bomba humwaga zaidi kuliko mchana.

Juzi ilikimbia. Barabara ilikuwa kavu kabisa, hata unyevu hakuna, kwa sababu maji yakipata mchanga au mtaro wa zamani hupita chini kwa chini na huenda yasichomoze kamwe. Tukafunga vali, vile vifungio vya maji kwenye mabomba ya mitaa, moja baada ya nyingine hadi mtiririko ukashuka ghafla. Basi, ni mtaa wa vali hiyo ya mwisho.

Nikachukua fimbo ya kusikilizia, ncha moja kwenye vali, nyingine sikioni. Anayejaza ndoo husikika kisha hukoma. Uvujaji ni mvumo mwembamba usiokatika. Bomba la chuma huupeleka mbali. La plastiki hunitesa kwelikweli, huumeza baada ya hatua chache.

Halafu tukaweka kwenye bomba vihisi viwili, vifaa vya kunasa sauti, kimoja kila upande wa sehemu tuliyoishuku. Sauti hufikia kimoja mapema kuliko kingine. Ukijua urefu wa bomba na kasi ya sauti ndani yake, tofauti hiyo ya muda hukuonyesha pa kuchimba.

Tulichimba. Tundu lilikuwa dogo, kidole changu cha mwisho kililiziba. Niliumia nilipowaza limemwaga kwa miezi mingapi, maana bomba likipasuka hadharani kila mtu hupiga simu, lakini hili halikuwa na wa kulisemea.